Moto wa Mtungi au Moto wa Waya: Mjadala wa Anayeanza Kukata Chuma Bukiriro

Fedha ya kununua kifaa cha kukatia chuma humjia kijana anayeanza mara moja tu. Ni fedha ya kahawa ya nyumbani, au mkopo wa kikundi, au mchango wa kaka aliye mjini. Ikizama kwenye kifaa kisichofaa, karakana inafungwa kabla haijapata wateja. Swali la gesi au plazima, ambalo fundi wa Dar es Salaam anaweza kulimaliza kwa kununua vyote viwili, huku Bukiriro, wilayani Ngara, linastahili kuchimbwa mpaka chini.

Nimelipeleka mbele ya sauti nne, ambazo nimezitunga kutokana na hoja wanazoshikana mashati kwazo wenye ufundi huu. Yuko Fundi wa Malori, mtu wa barabara kuu inayotoka Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga. Yuko Mama wa Karakana, anayetengeneza mageti na madirisha Ngara mjini. Yuko Kijana wa Bukiriro, ambaye anajua kuchomelea lakini bado anakata kwa grenda na msumeno. Na yuko Mhudumu wa Zahanati, ambaye hana kifaa cha kusifia. Mimi nitaingia nitakapoona hoja imeachwa nusu.

KIJANA: Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Nondo nakata, bomba nakata, engo nakata. Pleti ikifika milimita 8 nimekwama. Jiwe la grenda linaisha, mkono unakufa ganzi, na mteja akitaka duara ndiyo kabisa siwezi. Nina fedha ya kifaa kimoja. Nichukue kipi?

FUNDI WA MALORI: Marahaba, mwanangu. Umeanza na kifaa, ungeanza na chuma. Mimi nashughulika na mizigo ya Rwanda na Burundi inayopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam. Trela likifika Benaco limepasuka bamba la springi, chuma ninachokishika si cha milimita 3. Ni cha 12, cha 20, siku nyingine 40, na kimefunikwa kutu na rangi ya miaka. Kwa gesi nabadilisha nozeli, naongeza oksijeni, napita. Mashine ndogo ya plazima hapo inaishia kuchubua.

MAMA WA KARAKANA: Marahaba. Sasa muulize Mzee, Bukiriro yanapita malori mangapi ya mizigo? Wewe kazi zako ni mageti, milango ya maduka, mabenchi ya shule, matela ya baiskeli, labda tangi la maji. Hayo yote ni bati la milimita 1 na nusu mpaka pleti ya 6. Ukipeleka moto wa gesi kwenye bati la milimita 2, linajikunja. Utakata kwa dakika moja, utanyoosha kwa nyundo saa nzima, na mteja bado ataona mawimbi. Plazima inapita haraka, joto linabaki palepale kwenye mstari. Unakata ua la geti kwa kufuata ubao wa mfano na unalichomelea papo hapo.

KIJANA: Lakini kwa nini moja inapinda bati na nyingine haipindi? Zote si moto?

FUNDI: Hapo umeuliza la maana, kwa sababu wengi wanadhani moto wa gesi unayeyusha chuma. Hauyeyushi. Miali ya pembeni inakipasha chuma mpaka kifikie joto la kuwaka, karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Ukiona doa limekuwa jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, unabonyeza wenzo. Oksijeni tupu inatoka katikati ya nozeli, na chuma chenyewe kinaungua. Kikishaanza kuungua kinatoa joto lake, ndiyo maana unene hausumbui. Kazi ya mkono wako ni kwenda mwendo ambao chuma kinataka. Ukiharakisha, moto unakatika. Ukichelewa, unachimba shimo na mavi ya chuma yanaganda chini.

MAMA: Na kwa kuwa lazima chuma kiungue, kisichoungua hakikatiki. Stenlesi ina kromiamu inayotengeneza ngozi ngumu juu, oksijeni haipiti. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi yake haiyeyuki mpaka zaidi ya 2,000, kwa hiyo unabaki na uji uliofunikwa. Chuma cha kumimina, kama cha mabloku ya injini, nacho kinakatika vibaya. Plazima haiulizi hayo. Kompresa inasukuma hewa kwenye tundu jembamba, umeme unapita ndani ya hewa ile, inageuka plazima yenye joto la zaidi ya nyuzi 20,000. Chochote kinachopitisha umeme kinayeyuka na kupeperushwa. Mteja akija na sufuria kubwa ya stenlesi ya shule ili itobolewe bomba, mimi napokea. Mzee anamrudisha.

FUNDI: Namrudisha, ni kweli. Lakini umeme ukikatika, wewe unawarudisha wote.

MWANDISHI: Nisimame hapa kidogo, maana ndipo Bukiriro inapotofautiana na vitabu. Maporomoko ya Rusumo yamo wilayani humuhumu, mpakani na Rwanda, na mtambo wake wa megawati 80 unagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, umeme unaozalishwa jirani hauleti volti kamili kwenye nguzo ya mwisho ya kijiji. Laini ndefu ya fezi moja yenye mashine za kusaga njiani hushusha volti jioni na kuziinua usiku, na anayekata kwa plazima huliona hilo kabla ya mtu yeyote mtaani. Mama, mpe hesabu.

MAMA: Mashine ya ampea 40, ambayo inakata vizuri mpaka milimita 10 hivi, ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta kilowati 5 au 6. Kompresa ya hospawa 3 inaongeza 2 na ushee. Jumlisha, unakaribia 8. Gawanya kwa volti 220, zaidi ya ampea 35 zinapita kwenye waya wako. Waya wa nyumba ya kawaida utachemka. Kwa hiyo unaita fundi umeme anayejulikana, anakuvutia waya mnene kutoka kwenye mita, na ethi ya kweli inayozama ardhini. Volti zikishuka mpaka 180, mashine nyingi zinagoma au zinakata nusu nusu. Hilo silifichi.

KIJANA: Na hewa? Nina rafiki ana kompresa ya kujazia matairi ya bodaboda.

MAMA: Hiyo sahau. Plazima ya ampea 40 inataka bar 4 mpaka 5 na zaidi ya lita 100 kwa dakika, bila kupumzika. Kompresa ndogo itakukatia sentimita 20 halafu unasubiri ijaze. Na hewa yenyewe lazima iwe kavu. Msimu wa mvua tangi la kompresa linakusanya maji kila siku. Maji yakifika kwenye kichwa cha kukatia, ncha ya shaba inaliwa, na elektrodi, ile yenye chembe ya hafniamu katikati, inachimbika. Spea hizo Bukiriro hazipo dukani. Weka kichujio, fungua maji ya tangi kila asubuhi, na nunua ncha za akiba siku unayonunua mashine.

FUNDI: Umesikia? Waya mnene, ethi, kompresa kubwa, kichujio, ncha za akiba. Hapo hatujataja jenereta ya siku umeme usipokuwepo, na kwa mzigo huo usiniambie jenereta ndogo. Mimi mitungi yangu naipakia kwenye gari, natengeneza trela porini ambako hakuna hata nguzo.

MAMA: Mitungi hiyo inajazwa wapi, Mzee?

FUNDI: Mjini, mbali. Nakubali.

MAMA: Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa bar 150 una oksijeni lita 7,500. Pleti ya milimita 12 inaweza kula karibu lita 3,000 kwa saa, ukichanganya ya kupasha na ya kukata. Hiyo ni kama saa mbili na nusu za moto. Zikiisha, chuma kizito kinapanda gari, kinakwenda, kinasubiri foleni, kinarudi. Huyu kijana atalipa nauli ya mtungi kuliko anavyolipa gesi.

FUNDI: Atalipa kama anaacha moto uwake huku anapima. Anayepima kwanza, akachora kwa chaki, akawasha mwisho, mtungi unamkalia. Halafu mama, umehesabu kukata peke yake. Moto wangu unapinda bomba nene bila kulivunja. Unafungua nati iliyoshikwa na kutu, ile ambayo spana ingekatika. Unaunga shaba. Mkulima akileta jembe la kukokotwa na ng'ombe limepinda, nalipasha, nalinyoosha. Plazima inafanya kipi kati ya hivyo?

MWANDISHI: Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande wa gesi, na ajabu yake ni kwamba vitabu vya kulinganisha vifaa huipitia kwa mstari mmoja. Kwenye kijiji cha wakulima, kazi ya chuma nyingi ni ya kuokoa kitu kilichopo. Kupasha kunaingiza fedha siku ambazo hakuna mteja wa kukata. Karakana ya mageti ya mjini haitaliona hilo, na Mama hana kosa kutolitaja.

KIJANA: Basi niulize na hili. Nikitumia gesi ya kupikia badala ya asetilini? Mtungi wake unapatikana kirahisi.

FUNDI: Inakata. Moto wake ni wa chini, karibu nyuzi 2,800 wakati asetilini inapita 3,000, kwa hiyo doa linachelewa kuwa jekundu na oksijeni inaliwa zaidi kwenye kupasha. Lakini usichukue nozeli ya asetilini ukaifunga kwenye gesi ya kupikia. Nozeli zake ni tofauti, na mpira wake uwe uliotengenezwa kwa gesi hiyo, kwa sababu mpira wa asetilini unaliwa taratibu kutoka ndani. Na jua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, inatambaa mpaka kwenye shimo la kukagulia magari, inasubiri cheche.

KIJANA: Na yale mapipa ya kutengeneza asetilini wenyewe, kwa mawe na maji?

FUNDI: Mwanangu, nimeona yakitumika, na sikufundishi hilo. Asetilini ikipita shinikizo la bar 1 inaweza kulipuka yenyewe, hata bila hewa, hata bila moto. Ndiyo maana ndani ya mtungi wa kiwandani imeyeyushwa kwenye asetoni iliyonywewa na kitu chenye vinyweleo. Pipa la kuunga mwenyewe halina geji ya kuaminika. Chukua mtungi wa kweli, usimamishe wima, ufunge mnyororo. Kama ulisafiri umelala, uache umesimama saa kadhaa kabla ya kuufungua.

MHUDUMU WA ZAHANATI: Naomba mniruhusu. Mnazungumza unene na fedha, mimi nawasubiri upande wa pili. La kwanza ni mapipa. Watu wanayakata ili watengeneze hori la ng'ombe au jiko. Pipa lililobeba petroli au dizeli au lami, hata likikaa wazi miezi, mvuke umejificha kwenye kutu na kwenye mikunjo. Moto ukiligusa, kifuniko kinaruka na uso wa mtu. Gesi, plazima, grenda, vyote ni sawa hapo. Pipa ambalo hamjui lilibeba nini, mlirudishe kwa mwenyewe.

La pili ni macho. Mwanga wa plazima una miale mikali kama ya kuchomelea. Miwani ya jua ya sokoni haizuii, na usiku wake mtu anahisi mchanga machoni. Gesi inataka miwani ya giza ya namba 5 hivi, plazima ya ampea 40 inataka giza zaidi, namba 8 au 9. La tatu ni mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka jioni ileile. Mafundi huambiana wanywe maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Kateni nje, mkae upande upepo unakotoka, na kwanza mkwangue zinki kwenye mstari wa kukata.

KIJANA: Kwa hiyo kipi kinaua zaidi?

FUNDI: Gesi, kwa asiyefundishwa. Sitakudanganya ili ununue changu. Oksijeni ikikutana na grisi kwenye regulata, inawaka yenyewe, kwa hiyo mikono yenye mafuta isiguse kichwa cha mtungi. Moto unaweza kurudi nyuma ndani ya mpira. Lazima uwe na vizuizi vya moto kwenye mipira yote miwili. Ukisikia mluzi ndani ya kichwa cha kukatia na moto umepotea mbele, funga oksijeni kwanza, kisha gesi, usikimbie kabla hujafunga. Hayo yote ni maneno mpaka mtu akushike mkono, uusikie ule mluzi na yeye yupo pembeni.

MAMA: Plazima nayo si ya kuchezea. Kichwa kikiwa wazi kina volti zaidi ya 200, na wewe umesimama kwenye sakafu ya udongo iliyolowa. Zima mashine kabla ya kubadilisha ncha, kila mara. Ila nakubaliana na Mzee: mashine yangu ikitumiwa na asiyejua, mara nyingi inaharibika yenyewe kwanza. Mtungi hausubiri hivyo.

MWANDISHI: Hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Mnunuzi anayeanza huulizwa unene wa chuma na kiasi cha fedha. Ningemuuliza kwanza ni nani atakayesimama pembeni yake. Kichwa cha kuchomelea cha asetilini na oksijeni kimetimiza zaidi ya karne: Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard walikitengeneza mwaka 1903. Kwa muda huo wote gesi imejenga safu ya mafundi, na kwenye barabara ya malori ya Ngara na Biharamulo utampata mwenye kuijua. Plazima ya kukatia ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, na mashine ndogo za bei ya karakana zimeingia vijijini kwetu juzi tu. Wenye kuzifundisha ni wachache, na maelekezo huja kwenye kijitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi.

Mkoa huu haukuanza leo kujifunza moto kwa kusimama karibu na mwenye kuujua. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu matanuri ya kale ya Buhaya, ukionyesha kuwa wahunzi wa huko walitoa chuma chenye kaboni, yaani pua, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Upande wa Biharamulo na Geita, Barongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma hadi karne iliyopita. Hawakuwa na kipimajoto. Walisoma rangi ya moto na sauti ya mivukuto, na kijana aliyajua hayo kwa kuvukuta miaka. Fundi wa Malori anaposema doa liwe jekundu linaloelekea chungwa, anaendeleza elimu hiyohiyo, na haiwezi kununuliwa pamoja na regulata.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Aliye na fundi wa gesi wa kumshika mkono aanze na gesi, hata kama baadaye ataiacha, kwa sababu itamfundisha chuma kinavyopokea joto, na hilo litamfaa kwenye kuchomelea pia. Asiye na fundi asinunue mtungi. Namwambia hivyo hata kama mashine nyingine zote zimemshinda bei. Abaki na grenda, akate taratibu, mpaka ampate mtu au aweze kuandaa umeme wa plazima.

KIJANA: Mimi fundi ninaye, kama Mzee atakubali.

FUNDI: Njoo Benaco. Utaanza kwa kubeba mitungi na kukagua uvujaji kwa povu la sabuni, hutawasha wiki za mwanzo. Utawasha kwa kiwashio cha cheche, kiberiti sitaki kukiona karibu na nozeli. Na chesisi ya lori hutaigusa kwa moto mpaka nikwambie, maana nyingine zimetengenezwa kwa chuma kilichotiwa nguvu kwa joto, ukikipasha ovyo kinalegea na mzigo unalala njiani.

KIJANA: Na fedha yangu? Kama natumia mitungi yako, nisinunue kitu?

MAMA: Nunua kompresa. Usinishangae. Plazima huwezi kuitumia bila kompresa ya maana, lakini kompresa ya maana inajilisha yenyewe bila plazima. Utapaka rangi mageti kwa kupuliza, na mageti yaliyopulizwa yanauzwa zaidi ya ya brashi. Utajaza matairi. Utapuliza vumbi kwenye vichujio vya mashine za kusaga. Ikishajirudishia fedha yake, na umeme umeshaupima jioni mwezi mzima kwa kipima volti, hapo unakuja kwangu tutazame mashine. Kwa sasa geti kata kwa grenda, pleti nene peleka kwa Mzee.

FUNDI: Hapo Mama amesema. Mimi pleti zake nitazikata, na yeye bati langu la stenlesi atalikata.

KIJANA: Kompresa ya hospawa ngapi, Mama?

MAMA: Tatu, isipungue. Tangi lita 100 kwenda juu. Kama ni ya mtumba, ipige tangi kwa kifundo cha kidole chini kabisa, sehemu maji yanapolala. Ikitoa sauti ya kufa hapo, kutu imelila kwa ndani, iache. Kisha fungua bomba la kutolea maji mbele ya muuzaji. Likigoma kufunguka, jua halijawahi kufunguliwa.